Akses pointi mbili, jina moja la waifai, na hakuna kinachogongana

Kuna imani ya siku nyingi kwamba ukichomeka akses pointi mbili (vile vifaa vinavyorusha waifai) kwenye swichi moja ya mtandao lazima kila moja uipe jina lake la waifai, eti zikifanana simu itachanganyikiwa. Wala. Kila akses pointi ina anwani yake na simu inaitofautisha kwa hiyo, we weka jina lilelile, paswedi ileile na ulinzi uleule, ukitembea inahama yenyewe (zipo simu zinang'ang'ania ile ya mbali, hizo ni king'ang'anizi tu). Cha kutofautisha ni chaneli (njia ya mawimbi ambayo kila moja inarushia), kwenye bendi ya 2.4 GHz chagua kati ya 1, 6 na 11. Na kama ni ruta ya zamani umeigeuza akses pointi, zima DHCP yake (ile kazi ya kuvigawia vifaa anwani za mtandao) kisha waya uchomeke kwenye tundu la LAN (la mtandao wa ndani), sio WAN (la kuingizia intaneti).