Hesabu Inasema Dakika 36, Ratiba Inasema Saa Moja

Abiria anapima kwenye simu umbali kati ya viwanja viwili vidogo vya ndege, anapata kilomita 300. Ndege ya pangaboi hukimbia kama kilomita 500 kwa saa, kwa hiyo anagawanya na kupata dakika 36. Tiketi yake imeandikwa saa nzima. Hapo ndipo swali hutufikia, wakati mwingine kwa hasira kidogo: hizo dakika 24 zimeenda wapi?

Kilomita zenyewe ziko sawa, mradi hazikupimwa kwa rula. Simu huchukua latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili na kutafuta njia fupi kuliko zote juu ya mgongo wa dunia. Ramani bapa haiwezi kazi hiyo: digrii moja ya longitudo ni takribani kilomita 111 kwenye ikweta, lakini kwenye latitudo ya 60 imebaki nusu yake. Ukikuta umbali umeandikwa kwa maili, uliza ni maili zipi. Marubani hutumia za baharini, mita 1,852 kila moja, na kwao safari yetu ni maili 162. Kwa maili za nchi kavu ni 186.

Tatizo liko kwenye saa. Ratiba haihesabu muda wa kuwa angani peke yake. Huanza ndege inapotoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa upande wa pili. Katikati kuna kutembea taratibu hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kungoja zamu, na kupaa kwa kuukabili upepo, hata kama huko ni kuipa mgongo safari. Rubani atakata kona baadaye, lakini dakika zinakwenda. Na wakati wa kupanda ndege haijafikia ile kasi tuliyogawia.

Kushuka nako kunakula njia kuliko wengi wanavyodhani. Marubani wana hesabu ya kichwani: kila futi 1,000 za kushuka zinataka maili tatu za baharini. Aliye futi 18,000 ataanza kushuka akiwa bado na maili 54, karibu kilomita 100. Yaani theluthi ya safari yetu ni kuteremka tu! Ndiyo maana mhudumu hajamaliza kugawa maji, mnaambiwa mfunge mikanda.

Kwa sababu hiyo hiyo, kuweka ndege ya jeti kwenye njia fupi hakuokoi muda mwingi. Kwa kilomita 800 kwa saa, karatasi inakupa dakika 22 na nusu, ila jeti hiyo itaanza kushuka karibu mara tu inapomaliza kupanda, na maegesho, foleni na kungoja zamu ni vilevile.

Upepo nao una vituko. Wengi hudhani ukikuchelewesha kwenda, utakulipa wakati wa kurudi. Chukua upepo wa kilomita 60 kwa saa: ukikusukuma, kilomita 300 zinaisha kwa dakika 32, ukikupinga, dakika 41. Jumla ni 73, ilhali pasipo upepo ni 72. Deni halilipwi lote, kwa kuwa unakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaokupinga kuliko ule unaokusukuma.

Kwa hiyo ukiunganisha ndege, hesabu kuanzia saa ya kufika iliyo kwenye tiketi, kisha ongeza muda wa kushuka ngazi na kungoja begi.