"Si walishasaini?" Dhana potofu kuhusu vita vya wakubwa na vita vya raia

Mwezi uliopita mama mmoja wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, anayeuza vitenge hapa Nairobi, aliketi mbele yangu akaanza kwa kujishtaki. "Daktari, wakubwa wameshasaini amani. Mbona mimi bado nalala na viatu?" Mimi si daktari, ni mshauri nasaha, lakini nimeacha kuwasahihisha. Wiki hiyohiyo mteja mwingine alikuwa ameulizwa na mwenye nyumba wake, kwa ukali: si walishasaini, mbona hamrudi kwenu? Nimelisikia neno hili kwa majirani, kwa walimu, kwa wachungaji na, linaloniuma zaidi, kwa walioumizwa wenyewe. Leo nalijibu kwa urefu. Mengine nitayapitia haraka.

Dhana: Viongozi wakitia saini, vita vimekwisha

Saini humaliza ugomvi wa waliosaini, na mara nyingi hata huo haiumalizi. Vita vya Kongo vilivyoanza Agosti 1998 vilipatiwa mkataba Lusaka, Julai 1999. Rwanda na Uganda zote zilisaini. Juni 2000 majeshi ya nchi hizo mbili yakapigana yenyewe kwa yenyewe kwa siku sita ndani ya Kisangani, mji usio wa hata mmoja wao. Makombora yaliangukia nyumba za watu na raia wakafa kwa mamia. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile. Mtoto aliyezaliwa Kisangani wiki ile ya mizinga alikuwa na miaka 21 siku fidia ilipotajwa kwa tarakimu.

Endelea kuhesabu. Mwaka 2003 mahasimu waligawana viti Kinshasa: rais mmoja, makamu wanne, wawili kati yao wakiwa viongozi wa makundi yaliyokuwa yakipigana na serikali. Kwao vita viligeuka ofisi, walinzi na gari la serikali. Haukupita mwaka, Juni 2004, Bukavu ikaangukia mikononi mwa wanajeshi walioasi. Mama wa vitenge alikuwa na miaka kumi na minne. Ndipo alipolala na viatu kwa mara ya kwanza, wakati nchi yake kwenye makaratasi ilikuwa na amani.

Tarehe 23 Machi 2009 ukasainiwa mkataba mwingine, safari hii Goma. Kundi la waasi lililozuka 2012 likilalamika kwamba mkataba ule haukutekelezwa lilijiita M23. Tarehe ya amani ikawa jina la vita. Likaiteka Goma Novemba mwaka huohuo, likaondoka, likarudi Januari 2025, na Februari likaingia Bukavu. Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia saini Washington. Sasa niambieni, mwili wa huyu mama umekosea wapi? Umejifunza kutokana na mambo yaliyotokea. Aliyekosea ni anayemtaka aamini kalamu.

Naomba hili lieleweke, maana ndilo kiini cha kazi yangu. Hofu iliyoingia mwilini kwa matukio hutoka kwa matukio. Hutoka kwa usiku mmoja uliopita bila kishindo, kisha mwingine, kisha mwingine, kwa miezi. Tangazo la redio haliihamishi. Na amani ya raia haiji siku moja kama ya kiongozi anayeshuka ndege. Huja vipande vipande: njia ya shambani kupitika tena, shule kufunguliwa, yule aliyehamia kwenye kiwanja chako kukubali kuondoka. Kipande kigumu kuliko vyote ni aliyepotea. Nimewaona watu walioanza kulala siku walipopata habari za hakika kwamba ndugu yao amefariki. Walilia sana, kisha wakalala. Kilichokuwa kinawakesha ni kutojua.

Kwa hiyo nawaomba majirani: acheni kuuliza "mnarudi lini?" Ulizeni "ulilalaje?" Na kwa wateja wangu nina sharti moja ambalo wengine huninunia: simu izimwe saa mbili usiku. Video za maiti zinazosambazwa WhatsApp hazimwokoi mtu yeyote Goma, na zinakurudisha wewe barabarani ukiwa umelala kitandani Kayole, hapa Nairobi. Habari zitakuwapo asubuhi.

Mama wa vitenge sikumwambia avue viatu. Nilimwambia alegeze kamba kwanza.

Dhana: Vita huua kwa risasi

Tafiti za shirika la misaada la International Rescue Committee zilikadiria kwamba vita vya Kongo na matokeo yake viliua watu milioni 5.4 kati ya 1998 na 2007. Wataalamu wengine wanaibishia hesabu hiyo. Lakini tafiti zilezile zilionyesha kuwa wengi waliuawa na malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo, magonjwa yanayotibika pale zahanati inapokuwa wazi. Nalitaja hili kwa ajili ya wanawake wanaoniambia, "Mtoto wangu hakuuawa na vita, alihara njiani, nilimnywesha maji machafu." Mama, aliuawa na vita. Hukuwa na maji mengine.

Dhana: Vita haviwagusi wakubwa

Vinawagusa. Rais Mobutu wa Kongo alikimbia Mei 1997 akafia Morocco Septemba mwaka huohuo. Laurent-Désiré Kabila, aliyechukua kiti chake, alipigwa risasi na mlinzi wake mwenyewe Januari 2001. Tofauti iko katika kinachofuata. Siku kumi baadaye Joseph Kabila, mwanawe, alikuwa ameapishwa kushika kiti. Mkulima akifia njiani, mwanawe hurithi deni na mzigo wa kichwani.

Dhana: Anayeweweseka amerogwa, au imani yake haba

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba mtu mmoja kati ya watano katika maeneo yenye vita ana tatizo la afya ya akili. Ombeni naye, sina ubishi na maombi. Kisha mleteni kliniki.

Dhana: Watoto husahau

Mtoto asiyezungumza hajasahau. Anakutazama aone kama wewe unaweza kusikia. Mwalimu akimwona mwanafunzi ameingia chini ya dawati kwa sababu helikopta imepita, asimcheke wala asimwamuru atoke haraka. Ainame, amwambie ile helikopta ni ya nani na inaelekea wapi, kisha angoje.