Nani aliwaambia ni mizunguko saba?

Nawaomba MC wa harusi: acheni kutangaza kwamba maharusi wa Kihindi "watauzunguka moto mara saba". Kwa Wagujarati, ambao ndio wengi kati ya Wahindu wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, ni mara nne. Mgeni aliyeambiwa saba anahesabu nne, anadhani shughuli imekwama, anaanza kumnong'oneza jirani. Mpiga picha naye anajipanga kusubiri mzunguko usiokuja.

Saba ipo, ila ni ya hatua. Mizunguko ikiisha, pandit, yaani kuhani wa Kihindu, hupanga chini popoo saba au vifungu saba vya mchele, bibi harusi akavigusa kimoja kimoja kwa kidole gumba cha mguu wa kulia, kila kimoja na kiapo chake. Hiyo ndiyo saptapadi, hatua saba. Ni ya dakika chache, maharusi wameinama, migongo ya mashangazi imeziba kila kitu, na nusu ya wageni wameshashika sahani. Basi jueni mnachokikimbia: Sheria ya Ndoa ya Wahindu ya India ya mwaka 1955, kifungu cha 7, inasema pale ambapo saptapadi ni sehemu ya ibada, ndoa inakamilika hatua ya saba inapopigwa. Biriani ya mboga ingesubiri.

Kaskazini mwa India mizunguko saba ni kawaida, na sinema za Mumbai zimeieneza kana kwamba ni ya wote. Huko viapo saba mara nyingi huambatana na mizunguko yenyewe. Je, mzunguko mmoja ni hatua moja? Mapandit hawakubaliani, nami sina jibu safi. Hata nani atangulie: familia moja humweka bwana harusi mbele mizunguko mitatu na bibi harusi mzunguko wa nne, nyingine kinyume. Siku hizi siandiki hilo kwenye ratiba. Namuuliza pandit asubuhi yake.

Kila mzunguko una kituo, kaka wa bibi harusi akimpa dada yake shayiri na ufuta wa kutia motoni. Hapo tulieni. Baada ya wa nne maharusi hukimbilia viti, anayeketi kwanza ndiye atakayetawala nyumba. Hapo pigeni kelele mtakavyo.

Makalasinga pia huzunguka mara nne, lakini wanazunguka Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu, moto haupo. Ndani ya gurudwara, hekalu lao, vua viatu, funika kichwa, mwanamume pia, keti sakafuni bila kuelekeza nyayo kwenye kitabu. Usipige makofi. Bohora, Khoja na Ithnaasheri ni Waislamu, hufunga nikah. Magoa wengi huenda kanisani. Someni kadi.

Mengine kwa ufupi. Saa ya hastamelap, maharusi wanapounganishwa mikono, imechaguliwa kwa nyota, kwa hiyo usiichukulie kama saa ya ukumbini. Bibi harusi Mgujarati huingia na panetar, sari nyeupe yenye nyekundu, basi rangi hizo muachie. Nyeusi tupu nayo wazee hawaipendi. Bahasha Kenya iwe 1,001 au 5,001, ile shilingi moja ni ya heri. Usiulize kuku. Na usikatize kati ya maharusi na moto, hata kama kamera yako ni ya bei mbaya.