Kushuka mlima siyo kupumzika, jamani tuelewane

Juzi tena nimepigiwa simu na vijana wa Tanga mjini, wanataka kuja Lushoto wao na marafiki zao watembee msitu wa Magamba siku moja warudi, sijamaliza hata kuwaeleza tuanze saa ngapi mmoja ananikatisha, "kaka wewe tupandishe tu, kushuka tutajishukia wenyewe." Hii kauli nimeisikia hadi nimechoka. Wanafunzi wanaisema, wafanyakazi wa ofisini wanaisema, hata wale wa vikundi vya joging wanaoamka alfajiri kukimbia Raskazone wanaisema. Wote wanaamini kazi ni kupanda na ukishafika juu umemaliza. Mimi naongoza watu milimani, na ninaowafunga bandeji karibu wote ni walioumia tukiwa tunarudi.

Kupanda kunachosha moyo na mapafu. Unahema, unasimama, pumzi inarudi, unaendelea, mwili wenyewe unakwambia punguza. Kushuka hakukwambii kitu. Pumzi iko sawa, stori zinaendelea, picha zinapigwa, kumbe misuli ya mapaja ndo inaumia muda huo, manake unaposhuka ile misuli ya mbele inakaza kuuzuia mwili huku yenyewe inavutwa irefuke, na misuli ikifanya kazi hivyo nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Ni kama lori la kabichi linaloteremka Soni kwenda Mombo, injini haina shida yoyote, breki ndo zinanuka. Na goti kila hatua linapokea mzigo mara kadhaa ya uzito wako, weka na begi mgongoni. Ndo maana mtu anaondoka huku anacheka, kesho yake anasikia kukaza, keshokutwa hawezi kushuka ngazi za kwake. Maumivu ya aina hii yanakuwa makali zaidi kati ya saa 24 na 72 baadaye. Halafu ananipigia kusema nimewapitisha njia mbaya! Njia ni ileile wanayopita mama zetu kila siku ya soko na mizigo kichwani.

Na siyo maumivu tu. Kule Austria kwenye milima ya Alps walishachambua ajali za watembeaji walioanguka, wakakuta karibu robo tatu zilitokea watu wakishuka. Sishangai kabisa. Huku kwetu udongo ni mwekundu wa mfinyanzi, ukinyeshewa usiku asubuhi unateleza kama umepakwa mafuta, na mtu anaukanyaga saa 8 mchana miguu imeshachoka, macho yako kwenye simu, njaa inauma. Anateleza, anaweka mkono nyuma kujizuia, kifundo cha mkono kinavimba. Hiyo ndo ajali ninayokutana nayo kuliko zote.

Kinachonikera zaidi ni kuiga watoto. Mgeni anamuona mtoto wa Kisambaa anateremka mbio na kidumu cha maji anasema na mimi naweza. Yule mtoto amezaliwa kwenye mteremko, ana kilo 25, na analijua kila jiwe. Ukitaka wa kumuiga mwangalie mama aliyebeba kuni. Hashuki moja kwa moja, anakata njia upande huu kisha upande ule, hatua fupifupi, magoti yamekunjwa kidogo hayanyooki kabisa, mguu mzima unatua chini siyo kisigino peke yake. Mtazame dakika mbili tu umeshapata somo.

Sasa naomba haya myafanye. Kata kucha za miguu siku mbili kabla ya safari, kwasababu unaposhuka vidole vinagonga mbele ya kiatu maelfu ya mara na ndo hapo ukucha unageuka mweusi. Kabla hatujaanza kushuka kaa chini, fungua kamba za viatu zote, sukuma kisigino nyuma mpaka kigote, halafu kaza pale juu karibu na kifundo ili mguu usisogee mbele. Kula kitu, kashata mbili tatu na ndizi, na hapo sikubali ubishi, kundi langu halishuki na njaa. Na chukua fimbo. Watu wananiambia fimbo ni za wazee au za wale wazungu wanaotembea kwenye theluji, hapana, fimbo mbili zinalipunguzia goti mzigo na zinakupa sehemu mbili zaidi za kushika ardhi. Ya mti inatosha ila itoke nyumbani, Magamba ni hifadhi, hatukati miti mule.

Mengine nayapitia haraka.

Eti Lushoto ni Tanga tu, hakuna baridi. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6 hivi. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Magamba tunapanda zaidi. Mwezi wa 6 hadi wa 8 ukungu unashuka mchana kweupe. Jinzi ikilowa haikauki na inakunyonya joto la mwili, vaa suruali nyepesi na uweke sweta begini hata kama Mombo ulikuwa unajipepea.

Eti kinywaji kikali kinapasha mwili joto. Kinaleta damu kwenye ngozi, unahisi joto wakati joto lenyewe ndo linatoka. Beba chai ya tangawizi.

Kuna wanaoogopa ugonjwa wa mlima, wanasema walikosa oksijeni. Ule kwa kawaida unaanza kuanzia mita 2,500 na milima yetu hii ya Lushoto haifiki huko. Wewe ulikuwa unakwenda mbio tu. Ukiona huwezi kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi, punguza mwendo.

Simu ina ramani. Sawa, GPS inafanya kazi bila mtandao, ila ramani yenyewe lazima uwe umeipakua kabla, na chaji iwepo. Wengi wanafika msituni chaji imeishia kwenye selfi.

Viatu vipya vya safari, hapana. Vaa vile ulivyozoea, hata kama vimechakaa kidogo, mradi soli ina meno.

La mwisho ni muda. Mnanihesabia kwamba kama tumepanda kwa muda wa saa tatu basi tutashuka kwa saa moja. Kwenye njia yenye mawe na utelezi kushuka kunaweza kuchukua muda uleule, na kundi la marafiki linatembea kwa mwendo wa yule wa polepole kuliko wote, hatumuachi mtu. Saa 12 na nusu jioni jua limezama au ndo linazama, na chini ya miti giza linawahi kuliko barabarani. Kwahiyo kwangu ikifika saa 7 mchana tunageuza popote tulipo, hata kama kilele tunakiona.