Gemu ya Zamani Si Gemu Nyepesi

Wiki hii amekuja kijana kutoka Mikindani na Steam Deck yake, kompyuta ya mkononi ya kuchezea gemu, akilalamika kwamba gemu ya PlayStation 2 inakwamakwama, na kabla sijaiwasha akanipa sentensi niliyokwisha kuichoka: "Fundi, hii gemu ni ya zamani, mashine kama hii inashindwaje?" Kila msimu wa korosho, fedha zinapoingia Mtwara, vifaa hivi huongezeka mezani kwangu, na sentensi hiyo huja pamoja navyo.

Mambo ya awali nitayapitia haraka. Emuleta, yaani programu inayoiga konsoli (mashine ya gemu) ya zamani, haiji na gemu ndani yake. Faili la bayosi, yaani programu ya kuwashia konsoli, hutolewa kwenye konsoli yako mwenyewe na kuwekwa katika folda yake. Lisipokuwapo, PCSX2, ambayo ni emuleta ya PlayStation 2, haitafungua gemu, na huo si ugonjwa wa kirusi. Gemu ya PlayStation ya kwanza yenye faili la bin (data ya diski) na la cue (ramani ya data hiyo) inakiliwe pamoja na yote mawili. Basi.

Sasa nirudi kwenye hilo neno "zamani". Prosesa ya Super Nintendo ilikwenda kwa megahezi 3.58 tu, ilhali mtengenezaji wa emuleta yake iitwayo bsnes, aliyejulikana kwa jina la byuu, alieleza mwaka 2011 kwamba kuiiga konsoli hiyo kwa usahihi alioutaka yeye kulihitaji kompyuta ya gigahezi 3 hivi. Sababu ni kwamba emuleta haichezi gemu, bali inaijenga upya konsoli nzima kwa programu, kisha inavilazimisha viungo vyake vyote viende pamoja. PlayStation 2 ya mwaka 2000 ina prosesa kuu ya megahezi 294, vitengo viwili vya hesabu za vekta, kichakata picha, na pembeni prosesa ya PlayStation ya kwanza. Aliyewahi kusimama uwanjani sindimba inapochezwa anajua kwamba ngoma moja ikichelewa, wachezaji wote huharibikiwa.

Kazi hiyo ya kuoanisha haigawanyiki vizuri. PCSX2 hutegemea mikondo michache ya kazi zinazokwenda sambamba, kwa hiyo kujivunia prosesa yenye viini vinne na mikondo minane hakusaidii kitu ikiwa kiini kimoja kinachobeba kazi ya prosesa kuu ya PlayStation 2 kimenyimwa nguvu. Kijana wangu alikuwa amebana mashine kwenye wati 5 ili betri idumu, "kwa sababu gemu ni ya zamani". Nilinyamaza kidogo.

Wengine hukimbilia kupunguza rezolusheni, yaani wingi wa nukta za picha, nami kwa miaka niliwaambia kwamba wanapoteza muda, kwa kuwa rezolusheni ni mzigo wa kichakata picha na si wa prosesa. Hapa inanipasa nijisahihishe. Katika mashine ya mkononi kama hii, prosesa na kichakata picha hula chungu kimoja cha wati 15, hivyo kimoja kikipunguziwa mzigo, mwenzake huweza kushiba. Mara nyingine hufaa, mara nyingine hakuna kinachobadilika, na sina kanuni ya kukupa: najaribu gemu moja baada ya nyingine, kisha naandika kwenye daftari.

Kinachoniudhi zaidi ni ule mpangilio wa kuruka mizunguko ya prosesa. Ukiuwasha, namba ya kasi hupanda hadi asilimia 100 na mtu hufurahi, kumbe gemu yenyewe kwa ndani inatoa fremu, yaani picha kwa sekunde, chache kuliko awali. Kipimo kimetulia, mchezo umekuwa mbaya zaidi.

Nilimwekea wati 12, rezolusheni maradufu ya asili, na mpangilio huo nikauzima. Gemu ikaenda laini. Akaitazama namba pembeni mwa skrini na kuniuliza mbona inagota fremu 50 kwa sekunde wakati wenzake wanapata 60. Diski yake ilikuwa toleo la PAL (mfumo wa televisheni wa Ulaya na kwingineko), lililotengenezwa kwa hezi 50 tangu kiwandani.