Usimeze aspirini kwa sababu jirani anameza

Wiki haipiti hapa kliniki ya moyo bila mtu kufungua mkoba akatoa aspirini ndogo, ile ya miligramu 75, ukimuuliza nani kakuandikia anakwambia hamna, nimenunua tu duka la dawa, naogopa damu nzito.

Hii "damu nzito" ndo inawachanganya wengi. Aspirini haiongezi maji kwenye damu kama uji, inachofanya ni kuzizima chembe sahani, zile zinazokimbilia palipochanika zikashikana kuziba, na ikishazizima haziamki tena mpaka mwili utengeneze nyingine, siku 7 mpaka 10 hivi. Kama ulishapata shambulio la moyo, au kiharusi cha mshipa kuziba, au umewekewa stenti, kile kibomba cha kuuacha wazi mshipa wa moyo, hapo inakulinda kweli na usiiache kienyeji, hata ukitaka kung'oa jino uliza kwanza.

Ila chembe hizohizo ndo zinazoziba kidonda cha tumbo na mshipa uliopasuka kichwani. Waingereza walifuatilia watu 15,480 wenye kisukari ambao hawajawahi kuugua moyo wala mishipa, miaka 7 na kitu, majibu yakatoka 2018: kwenye kila 1,000 waliomeza aspirini, ukilinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa, kama 11 waliepushwa na shambulio la moyo, kiharusi na mengine ya namna hiyo, alafu kama 9 zaidi wakatokwa damu vibaya. Unaona ilivyo, huku unapata huku unapoteza. Kwa wazee ndo kabisa, na tangu 2022 jopo la wataalamu wa kinga ya magonjwa la Marekani linashauri mwenye miaka 60 na kuendelea ambaye hajawahi kuugua moyo asianze.

Nina mama mmoja simsahau, alikuja amepauka mpaka viganja, ngazi tatu tu anahema. Alijianzishia aspirini, magoti yanamuuma kwa hiyo juu yake anaweka na diklofenaki, na dawa za presha kaziacha akiamini aspirini inatosha, wakati aspirini haishushi presha hata kidogo! Nikamuuliza choo kikoje mama, akasema cheusi, kinanata kama lami, wiki ya tatu sasa, nilijua ni mboga za majani. Kumbe damu inavuja tumboni muda wote huo.

Kwa hiyo kabla hujaanza, pima presha, manake ikiwa juu haijatulizwa hatari ya kuvujia damu kichwani inapanda, alafu sema kama una vidonda vya tumbo, na kila unachomeza kimwage mezani daktari akione, dawa za maumivu na mitishamba pia. Ukiwa na homa na dengi ipo mtaani, usiinyamazie hiyo aspirini, itaje mapema, manake dengi nayo inaweza kuvujisha damu.

Na kwa anayemeza tayari, ukiona choo cheusi cha kunata au umetapika kitu kama machicha ya kahawa, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.