Mkanda, Mfuko wa Hewa na Yale Tunayoyaamini Njiani

Katika stendi ya Tabora, mchomoko, yaani gari dogo la abiria, unaosubiri kujaza watu wa Nzega haukosi mlio ule wa kumkumbusha dereva afunge mkanda. Dereva huuvuta, akaupitisha nyuma ya mgongo, akauchomeka, mlio ukanyamaza. Ukimuuliza, hugonga katikati ya usukani kwa kiganja: "Hii ina mfuko wa hewa, mzee wangu."

Dhana hiyo, kwamba mfuko unachukua nafasi ya mkanda, ndiyo kongwe kuliko zote na ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Herufi SRS zilizoandikwa kwenye usukani humaanisha mfumo wa nyongeza, na kinachoongezewa ni mkanda. Gari linapogonga, mfuko hufumuka na kujaa gesi kwa takriban sehemu 30 hadi 50 za elfu moja ya sekunde, yaani kabla mtu hajamaliza kupepesa jicho, kisha huanza kunywea papo hapo. Aliyefunga mkanda huufikia ukiwa umekwisha kujaa. Asiyefunga husukumwa mbele tangu breki inapokanyagwa, akakutana nao ungali unafumuka, na kilichowekwa kumwokoa kikampiga usoni na shingoni. Kwa sababu hiyo hiyo dereva hushauriwa kuacha walau sentimita 25 kati ya kifua na usukani, pungufu kidogo ya rula ya mwanafunzi, ushauri ambao wanaouinamia usukani usiku wakihofia ng'ombe barabarani hawaukumbuki.

Wengine husema mkanda ni wa kiti cha mbele tu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ghafla, mwili uliomo ndani hubeba nguvu sawa na ya mtu aliyeanguka kutoka mita 10 hivi, ambazo ni kama ghorofa ya tatu. Abiria wa nyuma asiyefungwa huruka na kumwangukia aliye mbele yake, hata kama huyo wa mbele amefunga wake vizuri.

Hapo ndipo linapokuja suala la mtoto anayepakatwa. Mama huamini mikono yake, na simlaumu, lakini hakuna mikono inayoweza kumzuia mtoto wa kilo 10 katika mgongano wa namna hiyo. Akipakatwa kiti cha mbele, mtoto huwa katikati ya mama na mfuko unaofumuka. Hata kiti maalumu cha mtoto mchanga, kile kinachotazama nyuma, hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mahali pa mtoto ni nyuma, akiwa amefungwa.

Mjamzito naye afunge: mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, na wa juu upite katikati ya matiti.

Ipo pia hofu ya kunaswa na mkanda gari likiwaka moto. Ajali nyingi haziwashi moto, na aliyefungwa ana nafasi kubwa zaidi ya kubaki na fahamu za kubonyeza kifungo na kutoka.

Mwisho ni kuamini kwamba kila gari lenye maandishi ya SRS lina mfuko ndani. Gari lililotumika huenda mfuko wake ulikwisha kufumuka, kifuniko kikagundishwa kwa gundi. Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya mfuko iwake kwa sekunde chache, kisha izime. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, muulize anayekuuzia ni nani aliyeing'oa.